Bati tulilichangia, mwinjilisti tukamwombea

Ukitaka kumnyamazisha mtumishi wa kanisa aliyechoka, mwambie amtegemee Mungu. Hatabisha. Atabishaje, na Jumapili iliyopita alihubiri hilo hilo? Ataitika Amina, atawasha pikipiki yake, nawe utarudi nyumbani umeshamfariji bila kutoa shilingi wala saa moja ya muda wako.

Shida ni kwamba neno lenyewe ni la kweli. Lingekuwa uongo tungeshajua namna ya kulijibu. Basi nimewakalisha watu wanne mezani walijadili, wote wa kutunga, japo aliyewahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya usharika atawatambua. Usharika wao ni wa Kilutheri, wa vijijini, wa aina iliyojaa Tanzania: mchungaji mmoja, mitaa kadhaa, na kila mtaa una mwinjilisti wake. Kwa waumini wengi huyo mwinjilisti ndiye kanisa. Ndiye anayehubiri, anayefundisha kipaimara, anayezika, anayesuluhisha wanandoa saa nne usiku, anayehesabu mifuko ya saruji na kuulizwa kwa nini umepungua mmoja. Mchungaji hufika zamu ya sakramenti ikifika. Posho ya mwinjilisti nayo hufika, ikifika.

Ajenda ni barua. Mwinjilisti wa mtaa wa mbali ameliandikia baraza la wazee akiomba apumzishwe miezi mitatu. Waliopo ni yeye mwenyewe, Mzee wa Kanisa (ni mwalimu mstaafu, na kijiji kizima bado kinamwita Mwalimu), Mama Mchungaji, na Muuguzi wa zahanati, ambaye pia ni katibu wa jumuiya yake na mwimbaji wa kwaya. Mchungaji ametuma udhuru: ana mazishi.

MZEE: Bwana Yesu asifiwe. Mwinjilisti, ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na sisemi kwamba hujachoka. Ninachouliza ni tangu lini mtumishi wa Mungu akaomba ruhusa ya kuchoka. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka huo huo alimzika mkewe, Rosine, na kitoto chao kichanga, yeye mwenyewe akiwa taabani kwa homa. Alirudi kwao? Hakurudi. Miaka miwili baadaye akaja Rebmann, wakapanda Rabai kuanza misheni. Huyo Rebmann alikaa huku miaka 29 bila kukanyaga tena Ujerumani, na waumini aliowavuna walikuwa wa kuhesabika. Aliandika barua ya miezi mitatu? Walimtegemea Mungu wakasonga.

MUUGUZI: Shikamoo, Mwalimu. Historia hiyo umeishia njiani. Krapf aliondoka mwaka 1853, afya imemshinda. Rebmann alirudi kwao mwaka 1875 akiwa karibu kipofu, na mwaka uliofuata akafa. Mimi nawaheshimu wote wawili. Ila mnavyotusimulia, utadhani yale macho yalikuwa sehemu ya sadaka. Mimi mgonjwa akiletwa anapoteza macho, siulizi imani yake ni kubwa kiasi gani. Nauliza amekaa hivyo tangu lini, na nani alikuwa naye.

Muuguzi amepiga penyewe, lakini kuna jambo ameliruka. Hakuna aliyemfunga Rebmann pale Rabai. Wenzake walipoondoka au kufa yeye alibaki kwa hiari yake, akikusanya msamiati wa lugha ambazo Ulaya hakukuwa na watu wengi waliozisubiri. Mtu aliye chini ya mzigo akisema mwenyewe kwamba Mungu atamshika, anaungama imani yake, na mimi nisiyeubeba mzigo huo sina la kumwongezea. Maneno hayo hayo yakitoka kwa aliyeketi kivulini ni kitu kingine kabisa. Kwa maoni yangu mkutano huu wote unazunguka hapo, ingawa wenyewe watachukua muda kufika.

MAMA MCHUNGAJI: Mwalimu ana Rebmann, mimi nina Musa. Kutoka sura ya 18 tunaisoma kwenye kila semina ya uongozi: Musa anaamua kesi tangu asubuhi hadi jioni, watu wamemzunguka wamesimama, mkwewe Yethro anamwambia atajimaliza yeye na watu wake, basi aweke wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Hapo tunapiga makofi na kwenda kwenye chai. Lakini tunaanzia katikati ya sura. Mwanzo wake unasema Yethro alikuja kufanya nini? Alikuja kumleta Sipora na watoto wawili, kwa sababu Musa alikuwa amemrudisha mkewe kwa baba yake. Aliyeuona mzigo ni mzazi ambaye binti yake alikuwa amerudi nyumbani. Wazee wa Israeli walikuwepo, wamekula na Yethro chakula kimoja, na hakuna aliyesema neno. Kesi zao zilikuwa zinaamuliwa, wangesema nini?

MZEE: Mama, sasa unatusema.

MAMA MCHUNGAJI: Nawasema wazee wa Israeli, Mwalimu.

Biblia haielezi kwa nini Sipora alirudishwa, na wafafanuzi wamebishana sana juu yake. Huenda ilikuwa kwa usalama wao. Hata hivyo Mama Mchungaji amegusa mahali ambapo mahubiri yetu hayafiki mara nyingi. Aliyeona hakuwa mtu wa baraza, wala hakuwa Mwisraeli. Alikuwa kuhani wa Midiani, mgeni, aliyetazama kazi ile kwa siku moja tu. Waliokuwa wakiitazama kila siku walishaizoea.

MAMA MCHUNGAJI: Mimi sijarudishwa kwetu, namshukuru Mungu. Lakini nimewapikia wageni ambao sikuambiwa wanakuja, na nikinuna kidogo mnanitajia Martha. Martha msinitajie. Wale waliokaa miguuni pa Bwana nadhani nao baadaye walikula.

MZEE: Basi nami nina neno, na mtanisamehe likiwachoma. Mnasema sana habari za mzigo. Hamsemi habari za moyo wa anayeubeba. Elia naye alichoka, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Alipofika Horebu alitoa sababu, tena akairudia: kwamba amebaki peke yake. Mungu akamjulisha kuwa wapo watu 7,000 katika Israeli ambao hawajampigia Baali goti. Hesabu ya nabii ilikuwa imekosea kwa watu 7,000! Mtumishi akichoka hudhani kanisa zima limelala isipokuwa yeye. Hicho ni kiburi kimevaa kanzu nyeupe. Sasa nikuulize, Mwinjilisti, mbele ya hawa: umewahi kukataa msaidizi wa kipaimara kwa kuwa hafundishi kama wewe?

MWINJILISTI: Nimewahi. Wawili.

Muuguzi, kwa mara ya kwanza, hana jibu. Hoja ya Mzee ni nzito kuliko sauti aliyoitolea. Wapo watumishi waliojenga huduma ikawaegemea wao kila upande, kisha wakalalamika kwamba inawaegemea. Funguo za kabati wanazo wao, orodha ya wagonjwa iko kichwani mwao, na mtu akijitolea kusaidia anaambiwa subiri kwanza upate mafunzo, mafunzo yenyewe hayapangwi. Anayesema Mungu ndiye mwenye kazi, kisha haamini kwamba Mungu huyo anaweza kumtumia fundi cherehani kufundisha Amri Kumi, hajamtegemea Mungu bado. Amejitegemea mwenyewe, na Mungu amemwachia kazi ya kubariki.

MAMA MCHUNGAJI: Turudi kwa Elia huyo huyo, Mwalimu. Kabla ya hesabu kulikuwa na nini? Kulikuwa na chakula. Malaika alimkuta amelala, akamgusa, akamwonyesha mkate na maji. Akala, akalala tena. Malaika hakumwambia kuwa huu si wakati wa kulala. Alirudi mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Maswali ya Horebu yalikuja baada ya mwendo wa siku arobaini. Na masahihisho ya hesabu yalipokuja, yalikuja pamoja na Elisha, mtu wa kumpokea kazi. Wewe umeanza na masahihisho. Mkate uko wapi?

MUUGUZI: Hapo hapo, Mama. Tulipotaka kuezeka kanisa la mtaa, tulifunga na kuomba tu? Tulipita na bahasha. Tukaandika ahadi. Tukaita wageni wa harambee kutoka mjini. Jumapili ya mavuno mnada uliendeshwa mpaka mkungu wa ndizi ukauzwa bei ya mbuzi, na aliyeununua akaurudisha unadiwe tena. Bati tulilichangia. Mwinjilisti tukamwombea. Kwa nini kwenye bati tunajua kwamba Mungu hupitia mifukoni mwetu, lakini kwa mtu tunamwachia Mungu peke yake?

MZEE: Binti yangu, usidharau maombi.

MUUGUZI: Sidharau, Baba. Hata Yakobo hakudharau baraka alipoandika juu ya yule anayemwona ndugu hana nguo wala chakula cha siku, akamuaga kwa maneno mazuri na kwenda zake. Aliuliza tu inamfaa nini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, sote tunajua. Na kwa upande wa kazi yangu nitasema kidogo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeitaja hali hii ya kuchoshwa na kazi. Halikuiita ugonjwa, limesema inatokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa. Dalili zake ni tatu: nguvu zinaisha, moyo unakaa mbali na kazi au unaidharau, na unachofanya unakiona hakizai kitu. Mwinjilisti, hiyo ya pili unayo?

MWINJILISTI: Mwezi uliopita nilizika mtu huku nikiwaza tairi la pikipiki. Tangu wimbo wa kwanza mpaka udongo.

Zamani palikuwa na mahali pa kusema sentensi kama hiyo. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ukaingia na kwa Walutheri wa Bukoba, ulileta desturi ngeni kwa makanisa yaliyozoea ngazi za vyeo: ndugu waliookoka walikaa benchi moja, mchungaji na mkulima, na mchungaji aliweza kuungama mbele ya mkulima. Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu huko Bukoba na mwaka 1977 Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa rais wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alilelewa katika uamsho huo. Sitaki kuupamba. Watu waliwahi kushindana kuungama, na asiyekuwa na la kusema alitazamwa kwa jicho la pembeni. Lakini mtumishi alikuwa na chumba cha kuingia bila kanzu. Leo ana kundi la WhatsApp. Akiandika humo kwamba amechoka atapata mistari ya Biblia kumi na mikono ya maombi arobaini, na siku itaisha hakuna aliyempigia simu.

MZEE: Baba yangu alikuwa mtu wa Uamsho. Nikiwa mdogo nilimwona mchungaji wetu akilia sebuleni kwetu. Sikuwa najua kama wachungaji hulia. Baba aliomba naye, sikatai, aliomba muda mrefu. Kisha akamuuliza mahindi yake yamefika wapi, na asubuhi tukaenda na majembe kumpalilia.

MUUGUZI: Kumbe unalijua jambo hili kuliko sisi, Mwalimu.

MZEE: Nalijua. Ninachoogopa ni kingine. Naogopa kanisa la kamati. Mtagawa, mtapanga, mtaweka zamu na msaidizi wa zamu, na siku moja mtagundua kwamba kila kitu kinakwenda na Mungu hajaulizwa. Hata wale saba wa Matendo ya Mitume, waliochaguliwa kwa ajili ya chakula cha wajane tu, sharti lilikuwa wawe wamejaa Roho. Kwa kugawa chakula! Sisi kwa mtunza hazina tunauliza kama anajua kutumia kompyuta.

Hili nalo tusilipite haraka. Nimeona sharika zenye chati nzuri ukutani na watu wenye nyuso kavu. Utaratibu unaweza kuwa njia nyingine ya kutomhitaji mtu yeyote, Mungu akiwamo. Ila huwa najiuliza kwa nini woga huu wa Mzee humjia mtu pale anapoombwa achukue zamu, na haumjii kwenye kamati ya ujenzi.

MWINJILISTI: Wazee wangu, na Mama, na wewe dada. Mmenisemea vizuri, kila mmoja kwa upande wake, sasa nijisemee. Mkinipunguzia nitashukuru. Kipaimara nitakiachia, saruji ahesabu mwingine, na wale wawili niliowakataa nitawafuata majumbani kwao. Lakini msidhani mkishagawa mtakuwa mmemaliza. Mwaka jana niliitwa nyumba moja usiku. Mama amejifungua, mtoto amekufa, mume yuko machimboni na simu haipatikani. Alinishika mkono akaniuliza kwa nini. Usiku ule hata wangekuja wale wazee sabini aliopewa Musa, tungekuwa watu sabini na mmoja tusio na jibu. Hakuna ratiba yenye safu ya jambo hilo. Kilichonikalisha pale mpaka kunakucha hakikutoka kwangu, maana mimi nilikuwa nimekwisha tangu jana yake. Hicho ndicho ninachokiita kumtegemea Mungu, nami nimekipata mara chache, kwa gharama. Sasa Mwalimu, ukiniambia niende kwa Mungu huyo kwa sababu baraza halijapata mtu wa kuhesabu saruji, unanituma mbali kwa kitu kilichoko mfukoni mwako. Na wewe dada, ukisema tatizo ni ratiba tu, usiku ule unaninyang'anya.

MUUGUZI: Siunyang'anyi, kaka. Nauliza tu: na ukienda usihisi kitu? Barua za Mama Teresa wa Calcutta, zilizotolewa katika kitabu mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zinaonyesha kwamba kwa miaka mingi aliomba bila kuhisi kwamba Mungu yupo karibu. Na wakati wote huo alikuwa anaosha vidonda vya watu.

MWINJILISTI: Sikusema nilihisi. Nilisema nilikaa.

MZEE: Huyo Mama Teresa aliomba likizo?

MAMA MCHUNGAJI: Mwalimu, likizo iliombwa na Bwana mwenyewe kwa ajili ya wanafunzi wake. Marko sura ya 6. Walikuwa wametoka safari ya kuhubiri, watu wanaingia na kutoka hata nafasi ya kula hawana, akawaambia waende mahali pasipo na watu wapumzike.

MZEE: Na walipofika watu walikuwa wamewatangulia kwa miguu. Likizo ikawa kulisha wanaume 5,000. Soma mpaka mwisho, Mama, wewe ndiye uliyetufundisha leo kusoma sura nzima.

MAMA MCHUNGAJI: Nasoma. Walipokwisha kula na mabaki kuokotwa, Bwana aliwalazimisha wanafunzi wapande chombo watangulie ng'ambo. Aliyebaki nyuma kuuaga ule umati ni nani? Ni yeye mwenyewe. Mkubwa alibaki na watu, wadogo wakaondoka.

MZEE: Huko njiani walikutana na upepo wa mbisho.

MAMA MCHUNGAJI: Kweli. Naye akawafuata.

Walibishana kidogo juu ya miezi. Mzee alisema mitatu ni mingi, mwalimu wa shule hapewi mitatu. Muuguzi akamkumbusha kwamba mwalimu wa shule ana mshahara na Jumapili. Wakafika kwenye miwili, posho isikatwe, na jumuiya mbili zilizo karibu zimlimie shamba msimu huu. Kipaimara kitapewa wale wawili waliokataliwa, wakikubali. Likabaki jambo moja ambalo kwenye kikao chochote cha kanisa la kijijini huwa halikosi.

MZEE: Na msiba ukitokea mtaa ule katikati ya hiyo miezi?

MWINJILISTI: Mnipigie tu, nitakuja.

MUUGUZI: Hatukupigii. Hiyo laini ya simu utaniachia mimi.

MWINJILISTI: Mchungaji mnajua alivyo, leo tu hayupo. Nani atakwenda?

MZEE: Nitakwenda mimi. Lakini niseme mapema, kuhubiri msibani sijawahi, na sitaki kujaribia kwa wafiwa.

MAMA MCHUNGAJI: Nani kakuambia uhubiri, Mwalimu? Nenda mapema, kuna viti vya kupanga.